Shamba lina bodi, simu haina

Mzee anapotapeliwa, neno la kwanza linalosemwa nyumbani ni tamaa, na la pili ni uzee. Watoto wanaofika Jumamosi kutoka Nairobi huulizana pembeni kama akili za mama bado zimetulia. Majirani husema alipenda vya bure. Nimezisikia hukumu hizi mbili mara nyingi katika kazi yangu na vikundi vya wazee Magharibi ya Kenya, na kila nikizipima kwa kisa chenyewe naona hazitoshi. Wengi waliopoteza pesa zao hawakuwa wanatafuta utajiri. Walikuwa wanafanya yale ambayo serikali, kampuni na jamaa zao wamewazoesha kwa nusu karne: kungojea pesa iliyochelewa, kumtegemea mtu wa kati, na kuitikia sauti yenye cheo. Tapeli alikuta somo limekwisha kufundishwa.

Niliweke jambo hili Mayoni, maana hapo linaonekana waziwazi. Mayoni ni soko, na pia ni wadi, katika eneo bunge la Matungu, kaunti ya Kakamega, kwenye barabara itokayo Mumias kwenda Bungoma. Ni nchi ya Wawanga na nchi ya miwa. Mzee wa hapo mwenye miaka 75 alikuwa kijana Kampuni ya Sukari ya Mumias ilipoundwa mwaka 1971 na kuanza kusaga mwaka 1973. Utu uzima wake wote umepita ndani ya mkataba na kiwanda. Kampuni ilimlimia, ikamletea mbegu na mbolea, ikatuma wakata miwa na matrekta, kisha ikakata gharama zake zote na kumpa yeye kilichosalia, mwaka mmoja na nusu au zaidi baada ya kupanda. Mizani ilikuwa ya kiwanda. Hesabu ya makato iliandikwa kwa Kiingereza. Tarehe ya kupanda aliijua mwenyewe. Tarehe ya kulipwa aliambiwa.

Mwaka 2001 kampuni hiyo iliingia Soko la Hisa la Nairobi, hisa moja ikiuzwa kwa shilingi 6.25, na wakulima wakahimizwa nao wanunue sehemu ya kiwanda walichokuwa wakikilisha. Mwaka 2006 serikali iliuza hisa zake nyingine kwa shilingi 49.50 kila moja. Septemba 2019 benki ya KCB iliiweka kampuni chini ya meneja mrasimu kwa sababu ya madeni, na biashara ya hisa zake ikasimamishwa zikiwa hazifiki hata nusu shilingi. Miwa ilizeeka mashambani. Wapo waliokuwa wanadai malipo ya miwa iliyokwisha kusagwa. Desemba 2021 kiwanda kilikodishwa kwa kampuni ya Sarrai ya Uganda, kesi zikafuata, na kila msimu wa kampeni ahadi ya kufufua Mumias na kuwalipa wakulima imerudi majukwaani.

Sisemi Mumias ilikuwa utapeli. Nasema kwamba mtu aliyeishi historia hiyo amejifunza mambo mawili ambayo tapeli anayahitaji sana. Amejifunza kwamba karatasi yenye muhuri halali inaweza kugeuka takataka, na kwamba deni lililodhaniwa limekufa linaweza kutangazwa siku moja kuwa liko hai. Sasa fikiria simu inayomwambia kwamba orodha ya wakulima wanaoidai kampuni imepelekwa Nairobi, jina lake limo, na linalobaki ni shilingi 1,500 za kufungua faili. Kijana wa Nairobi ataicheka simu hiyo. Mzee wa Mayoni hana sababu ya kuicheka, maana kila sehemu ya habari ile inafanana na mambo aliyokwisha kuyaona kwa macho yake. Deni lipo kweli, na orodha ziliwahi kuandikwa. Hata kutoa kitu kidogo ili faili itembee, nani katika nchi hii atamwambia kwamba hilo halijawahi kutokea katika ofisi halali?

Ndiyo maana nashikilia kwamba wazee hutapeliwa kwa kumbukumbu zao, na kwamba kusahau kuna sehemu ndogo tu katika mambo haya. Walimu waliostaafu ni mfano mwingine. Mwaka 2008 Mahakama Kuu ya Nakuru iliamua kwamba walimu zaidi ya 52,000 waliostaafu kati ya 1997 na 2007 walipwe malimbikizo ya nyongeza ya mishahara ambayo hayakuingizwa katika pensheni zao. Miaka ikapita, rufaa zikafuata, na maelfu wakaingia kaburini wakingoja. Mwalimu wa aina hiyo amesoma na amefundisha nusu ya kijiji, na hesabu anaijua. Lakini mpigie simu umtajie namba yake ya TSC, tume ya walimu, na neno malimbikizo, na umekwisha kuingia sebuleni kwake. Elimu haimkingi, kwa sababu anachoambiwa si uongo mtupu. Ni ukweli uliocheleweshwa na kutiwa uongo mdogo mwishoni, pale penye namba ya kutuma pesa.

Kisha kuna pesa za wazee, kama watu wanavyoziita. Tangu mwaka 2018 mpango wa Inua Jamii umekusudiwa Wakenya wenye miaka 70 na zaidi, shilingi 2,000 kwa mwezi. Ni mpango mwema, na ningesikitika sana ukifutwa. Lakini tazama unavyomfikia mlengwa. Kwa miaka mingi pesa hazikuja kila mwezi; zilikuja kwa mkupuo, na mara nyingi zilichelewa. Habari ya kuja kwake humfikia mzee kwa mdomo: chifu ametangaza barazani, liguru, mzee wa mtaa, amepita akisema, au kijana wa boda boda amesikia sokoni kwamba zimeingia. Mara kwa mara mzee huambiwa aende ahakikiwe upya, apeleke kitambulisho, aweke kidole kwenye mashine, afungue akaunti nyingine kwa sababu utaratibu umebadilika. Asipokwenda huenda jina likatoka. Jina likitoka, kulirudisha ni safari za ofisi hadi ofisi, na nauli ni yake.

Kwa hiyo tapeli anapopiga simu na kusema, "Mulembe kukhu, nakupigia kutoka ofisi ya pesa za wazee, jina lako lilikuwa limetoka kwa mashine, nimejaribu kulirudisha, usikate simu," hajavumbua sentensi hata moja. Ameazima lugha ya utawala wenyewe, pamoja na tishio lake. Na ameanza na kukhu, bibi, neno la mjukuu.

Hapa panahitaji kukaa kidogo, kwa sababu ndipo kiini cha jambo kilipo. Chukua mama mwenye miaka 73. Alizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Alipofikia umri wa kwenda shule, karo ilikuwa inalipwa, na fedha kidogo za nyumbani mara nyingi zilimwendea kaka yake. Karo ya darasa la kwanza hadi la nne ilifutwa mwaka 1974, yeye akiwa amekwisha kuolewa. Elimu ya msingi bila malipo ya mwaka 2003 iliwakuta wajukuu. M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu, ilipoanza Machi 2007 alikuwa na zaidi ya miaka 50, na macho ya kusoma maandishi madogo yalikuwa yameshaanza kumpungukia, kama yanavyompungukia karibu kila mtu katika umri huo. Simu aliyo nayo ni kabambe, ile ndogo ya vitufe, na kioo chake hakizidi upana wa vidole vitatu. Lugha ya moyo wake ni Kiwanga. Kiswahili anakisikia na kukisema, ila hajazoea kukisoma. Ujumbe wa pesa unaomfikia umeandikwa kwa Kiingereza, isipokuwa mtu amembadilishia lugha kwenye menyu, na watu wachache wamefanya hivyo.

Mama huyu anatoaje pesa zake? Anampa mjukuu simu. Au anakwenda kwa wakala, anampa simu juu ya kaunta na kumtajia namba ya siri kwa sauti, mbele ya wateja watatu. Wakala anabonyeza, anasoma ujumbe, anamhesabia noti. Hilo limetendeka mara moja kwa mwezi, au mara moja kwa miezi miwili, kwa miaka. Hakuna siku hata moja ambayo ameigusa pesa yake bila kupitia mkono wa mtu mwingine. Halafu tunamwambia kwenye matangazo: usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Angelifuata agizo hilo neno kwa neno, angelala njaa.

Mfumo umejengwa kwa mteja ambaye hayupo Mayoni, yule anayesoma mwenyewe, anayeona vizuri na kukariri tarakimu nne bila kumwambia mtu. Mteja halisi anaishi kwa kuamini, kwa sababu hana njia nyingine. Akiamini watu mia moja na tisini, na wote wakawa wema, imani hiyo inaitwa busara na utu. Wa mia moja na tisini na moja akiwa mwizi, imani ile ile inaitwa ujinga. Anayeamini hakubadilika. Aliyepiga simu ndiye aliyebadilika.

Na anayepiga simu amejiandaa. Wakenya wamekwisha kuzoea kusikia kwamba simu fulani zinatoka ndani ya gereza la Kamiti, na jina la Mulot, mpakani mwa Bomet na Narok, limetajwa na wapelelezi wa DCI mara nyingi katika kesi za kubadilisha laini za watu. Lakini si lazima mtu awe stadi wa mitambo. Habari za mzee tunazitoa sisi wenyewe. Tazama kijitabu cha mazishi: kina majina ya watoto wote, nani yuko Nairobi, nani ni mwalimu na wa shule gani, nani yuko Qatar, mjukuu yupi ni daktari. Kijitabu hicho kinapigwa picha na kutumwa kwenye makundi ya WhatsApp ya kamati ya mazishi yenye watu mia mbili ambao nusu yao hawajuani, na namba ya mweka hazina imo. Wiki mbili baadaye mjane anapigiwa simu na mtu anayewajua watoto wake wote kwa majina, anayempa pole kwa jina la marehemu. Ningependa kujua ni mtu gani wa umri wowote ambaye angeshuku.

Daftari la wakala lilikuwa chanzo kingine. Kwa miaka mingi kila aliyetoa pesa aliandikwa jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu na kiasi, katika kitabu kilicholala wazi juu ya kaunta kwa yeyote kukipitia huku akingoja zamu yake. Sheria ya Kulinda Data ilipitishwa mwaka 2019. Yaliyokwisha kusomwa hayawezi kusahauliwa kwa amri ya sheria.

Watafiti wa nchi nyingine wametazama ubongo wenyewe, na ingekuwa kosa kuwapuuza. Mwaka 2012 kundi la Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, likiongozwa na Elizabeth Castle na Shelley Taylor, liliwaonyesha vijana na wazee picha za nyuso. Nyuso zilizoonekana za kuaminika zilipimwa karibu sawa na pande zote mbili. Zile zilizobeba dalili za hila, wazee waliziona ni za kuaminika zaidi kuliko vijana walivyoziona, na sehemu ya ubongo inayohusiana na hisia ya tahadhari, ile ya kusema hapa pana kitu, ilionyesha mshtuko mdogo kwao. Wachumi wanne, Agarwal, Driscoll, Gabaix na Laibson, walichunguza mikopo na kadi za benki Marekani na mwaka 2009 wakaandika kwamba makosa ya kifedha hupungua kadiri mtu anavyokua hadi karibu miaka 53, kisha huanza kuongezeka tena. Sina ugomvi na matokeo hayo. Mwili huchoka, na kuyahesabu mambo mawili kwa wakati mmoja huku mtu akikuharakisha ni kazi ngumu kwa mwenye miaka 78.

Ila Tume ya Biashara ya Marekani imeonyesha mwaka baada ya mwaka jambo ambalo waandishi wengi hulipita haraka: kati ya wanaoripoti utapeli, vijana wa miaka ya ishirini husema wamepoteza pesa mara nyingi zaidi kuliko watu wa miaka ya sabini. Wazee hupoteza kwa nadra zaidi, lakini wakipoteza hupoteza kiasi kikubwa zaidi kwa mara moja. Mwaka 2023 pekee, Wamarekani wenye miaka 60 na zaidi walioripoti kwa FBI walikuwa wamepoteza zaidi ya dola bilioni 3.4. Kwangu hilo linaelekeza kidole kwenye mahali pesa ilipo. Kijana hana cha kuibiwa ila mkopo wa simu. Mzee ana kiinua mgongo, ana ng'ombe, ana ekari mbili zenye hati, na miaka ya kurudisha vilivyopotea hana.

Na ana watoto. Katika visa vikubwa ninavyovijua, vile ambavyo ng'ombe ameuzwa au shamba limekodishwa kwa misimu mitatu ya miwa, mzee hakujinunulia kitu. Alikuwa ananunua kazi ya mjukuu. Jeshi la Ulinzi linapotangaza kuandikisha makurutu, linatangaza pia kwamba nafasi haziuzwi, na kila mara hutokea vijana wanaofika kambini Eldoret na barua bandia ambazo familia zao zililipia mamia ya maelfu. Mwaka 2023 wazazi wa Uasin Gishu waliandamana Eldoret kwa sababu ya pesa walizolipa ili watoto wao wakasome Finland na Canada, katika mpango uliopitia kwenye kaunti yenyewe, na maafisa wakafikishwa mahakamani. Wazazi wale walilipa kwenye akaunti yenye jina la taasisi ya umma. Unamwambiaje mzazi ahakikishe zaidi ya hapo? Mzee aliyeona wajukuu wanne wamemaliza kidato cha nne na kurudi kukaa chini ya mwembe hatashawishika na hotuba juu ya tahadhari. Tapeli wa kazi anauza kitu pekee ambacho mzee huyo bado anakitaka duniani, na anakiuza kwa bei ambayo kila mtu kijijini anaamini ndiyo bei halisi.

Lugha ya imani na ya shamba hutumika vilevile. Miradi ya upatu wa piramidi iliyoporomoka Kenya mwaka 2007, DECI ikiwa mmojawapo, ilifuatwa na kikosi kazi cha serikali kilichohesabu hasara ya zaidi ya shilingi bilioni 8. DECI ya Tanzania ilizimwa mwaka 2009, na huko wanachama waliambiwa wanapanda mbegu ili wavune. Neno hilo walilisikia makanisani na walilijua kwa mikono yao. Aliyewaleta hakuwa mgeni; alikuwa mwanakwaya mwenzao, mama wa chama, mchungaji, naye mwenyewe alikuwa ameweka pesa na mara nyingi alizipoteza pamoja nao.

Baada ya kutapeliwa hufuata ukimya, na ukimya huo unaliongeza tatizo kuliko tunavyodhani. Mama wa Mayoni akipoteza shilingi 4,000 hataenda kituoni kuandikisha. Nauli ya kwenda na kurudi itakula sehemu ya kilichobaki, na askari atamwuliza namba ya muamala ambayo hawezi kuisoma. Zaidi ya hayo anaogopa watoto wake. Anajua wakisikia watasema simu ikae kwa fulani, kitambulisho kikae kwa fulani, na tangu siku hiyo ataomba pesa zake mwenyewe kama mtoto anayeomba senti za peremende. Kwa hiyo ananyamaza, na jirani yake wa nyumba ya tatu anapigiwa simu ile ile wiki inayofuata.

Hofu hiyo ina msingi. Siandiki haya ili nimsafishe jamaa. Mkono ulio karibu zaidi na simu ya bibi ni wa mjukuu, na katika mazungumzo ya wazee, wakishamaliza kuwalaani wakora wa mbali, wanakuja polepole kwa yule anayelala nyumba moja nao: aliyetoa 3,000 akasema ni 2,000, aliyekopa Fuliza, mkopo wa M-Pesa, kwa laini ya bibi hadi pesa za wazee zilipoingia zikakatwa zote. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inampa mtu wa miaka 60 na zaidi haki ya kuishi kwa heshima bila kudhulumiwa, na pia haki ya kujiendeleza mwenyewe. Dawa yoyote inayomnyang'anya mzee pesa yake ili kumlinda inavunja nusu ya kifungu hicho.

Basi dawa ni ipi? Matangazo peke yake hayatoshi, ingawa yana kazi. Yakitolewa kwa Kiluhya kupitia redio ya Mulembe FM, wakati wazee wanasikiliza, na yakieleza kisa kizima badala ya kusema "jihadhari", yatasaidia. Kila mwenye laini ya Safaricom anaweza kupeleka ujumbe wa utapeli kwa namba 333 bila malipo, na mjukuu mwema anaweza kumfanyia bibi kazi hiyo. Lakini huwezi kumfundisha mtu kushuku kitu kinachofanana na maisha yake yote. Lazima kitu kingine kisimame kati ya simu na pesa.

Kenya inakijua kitu hicho, ila imekiweka kwenye shamba. Sheria ya Udhibiti wa Ardhi ya mwaka 1967 inasema shamba la kilimo haliuzwi, haligawanywi wala halikodishwi hadi bodi ya ardhi ya eneo iridhie, na ridhaa isipopatikana mapatano yale ni batili. Bodi hukaa kwa siku zake. Mwuzaji hufika mwenyewe. Kwa desturi huulizwa mke yuko wapi, watoto wakubwa wanajua, mtalala wapi mkishauza. Najua bodi hizi zina kasoro, najua kuna waliotoa kitu ili waulizwe maswali machache, na najua mikataba mingi ya kukodisha mashamba ya miwa huandikwa kwenye karatasi ya daftari na mzee akaweka kidole bila bodi kujua. Hata hivyo mashamba mengi ya Matungu yangali mikononi mwa wajane kwa sababu tu kulikuwa na wiki kadhaa kati ya shauri la mlaghai na muhuri, na katika wiki hizo binti mmoja alisikia.

Pesa ya simu haina wiki. Ina sekunde chache za kuliona jina la mpokeaji na kughairi, kama unaweza kulisoma. Ombi la kurudishiwa pesa hufaulu kama mpokeaji hajazitoa, na tapeli huzitoa kabla simu haijapoa. Tumeiondolea pesa ya maskini kila kizuizi tukaita maendeleo, na kwa mengi ni maendeleo kweli. Mjane anapokea pesa ya mwanawe wa Mombasa kabla ugali haujaiva. Ninachokiomba ni kizuizi kidogo, upande wa kutuma tu, kwa atakayekitaka mwenyewe. Mzee akijisajili na pesa zake za Inua Jamii, aulizwe kwa lugha yake: ukitaka kumtumia mtu ambaye hujawahi kumtumia, zaidi ya shilingi elfu moja, tuingojeshe pesa hadi kesho? Na tumpigie nani ajue? Huyo wa kupigiwa amchague yeye, anaweza kumbadilisha siku yoyote, asiwe na uwezo wa kuigusa pesa wala kuizuia. Kazi yake ni kusikia tu. Awe dada yake, awe mwenyekiti wa chama, awe binti aliye Kisumu ambaye hagombei urithi.

Watu wa kampuni za simu watasema kuna dharura: mtoto amelazwa, hospitali inataka pesa sasa. Ni kweli, na ndiyo maana simu ya "mwalimu" anayesema mjukuu ameanguka shuleni hufaulu kuliko zote. Lakini hospitali ina namba ya malipo iliyosajiliwa, na shule pia; malipo ya namna hiyo yanaweza kupita mara moja bila kungoja. Anayesisitiza pesa za hospitali zitumwe kwenye laini ya mtu binafsi ndiye hasa anayestahili kungojeshwa hadi asubuhi.

Wakala naye aingizwe katika jambo hili kama mtu, na alipwe kwa hilo. Leo analipwa kamisheni kwa kila muamala, na halipwi chochote kwa kumwuliza kukhu aliyeshika simu sikioni huku akitaka kuweka shilingi 6,000, "Unaongea na nani, mama?" Wapo mawakala wanaouliza kwa utu wao. Siku ambayo swali hilo litakuwa sehemu ya kazi yake, na kamisheni ya siku hiyo isipotee kwa sababu ameliuliza, kaunta ya Mayoni itakuwa na kitu kinachokaribia bodi.

Na kuna jambo moja la kisheria ambalo ningetaka wabunge walinakili kutoka kwenye sheria ile ya 1967. Kifungu chake cha saba kinasema kwamba mapatano ya ardhi yakiwa batili kwa kukosa ridhaa, pesa zilizolipwa zinadaiwa kama deni kutoka kwa aliyezipokea. Leo mzigo wote wa kuifuata pesa iliyotapeliwa kwa simu ni wa mama asiyeweza kusoma namba ya muamala. Benki na kampuni za simu zinajua kila laini imesajiliwa kwa kitambulisho cha nani, pesa ilipitia kwa wakala yupi na saa ngapi. Mzee aliyeomba pesa yake ingojeshwe hadi kesho, kisha ikaachiliwa usiku ule ule, aidai kwa kampuni iliyoiachilia, na kampuni ndiyo imtafute mwizi.